Nimenunua mkanda wa ekzosi, feni na soksi ya paipu kwa ajili ya John Deere 318 yangu inayochemka, nyota zangu hizi hapa

Wakuu habari zenu. Kuna jamaa zangu wawili hapa Houston wamenunua matrekta madogo ya kukatia nyasi ya zamani baada ya kuona la kwangu, na wote wananipigia simu swali lile lile, chini ya boneti kunawaka moto, wanunue nini. Nimechoka kurudia, kwahiyo naandika yote hapa, nilichonunua, bei, kilichosaidia na kilichonila hela bure. Ni ndefu, mwenye haraka aende kwenye sehemu ya panya.

Kwanza mjue ninaongelea mashine gani. La kwangu ni John Deere 318, haya yalitengenezwa 1983 mpaka 1992, injini ni Onan ya petroli, silinda mbili zimelala kushoto na kulia zimepeana migongo, hosipawa 18, na HALINA REJETA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mmoja wa hao jamaa aliniuliza maji yanawekwa wapi. Hamna maji. Inapoozwa kwa upepo kama pikipiki, tofauti ni kwamba pikipiki inakimbia barabarani inakutana na upepo wake yenyewe, hili linatembea mwendo wa bibi harusi, kwahiyo flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ina mapanga ya feni yanayovuta hewa na kuisukuma kwenye mabati yanayozunguka silinda, hewa inapita katikati ya yale mapezi ya chuma, vile vibati vyembamba vya kwenye silinda, inatoka na joto lake. Waliowahi kufungua VW za zamani zile injini nyuma wanaelewa ninachosema. Sasa chukua injini hiyo, ifunike boneti juu, weka mabati pembeni huku na huku ili isipige kelele, mpe mmatumbi akatie nyasi Texas mwezi wa nane nyuzi 37 na unyevu kama Tanga, halafu uniambie.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka stata moja tu, linakata vizuri dakika arobaini, arobaini na tano, halafu linaanza kukohoa, linapoteza nguvu, linazima. Ukilipiga stata linazunguka tu haliwaki. Ukikaa kivulini ukanywa soda yako nusu saa, linawaka kama hakijatokea kitu. Mimi nakata viwanja vya watu wikiendi, ni deiwaka yangu, na mteja akikuona umekaa chini ya mti wake na soda hakuelewi kabisa. Tena joto lilikuwa linakuja mpaka kwenye magoti, na rangi ya boneti juu ya sailensa ilishaanza kubabuka.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa mashine ndogo, simtaji. Akasema koili, ile inayotoa umeme wa plagi, ikipata joto inakufa. Ni kweli koili zina tabia hiyo, simkatalii, ila akabadilisha, nikalipa dola 140, Jumamosi iliyofuata dakika ya arobaini na mbili likazima pale pale karibu na bwawa la kuogelea la mteja. Hapo ndio nikaamua nitajitibu mwenyewe, nikaingia mtandaoni usiku na kadi ya benki, kosa la kwanza hilo.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni mkanda wa kuzungushia paipu la ekzosi, ule wa rangi ya dhahabu iliyoungua, wanasema umefumwa kwa nyuzi za jiwe la volkano, upana inchi mbili, urefu futi 50, na vibano vya chuma visivyoshika kutu ndani yake. Dola 29. Kuufunga ni kazi ya mwanamume na subira, nilivaa glavu na shati la mikono mirefu na bado niliwashwa siku mbili kama nimelala kwenye upupu, vile vinyuzi vinaingia kwenye ngozi huvioni. Wanashauri uuloweshe kwanza ndio ulale vizuri kwenye kona, nililowesha, ulilala vizuri. Mara ya kwanza kuwasha ulitoa moshi mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza kama nachoma takataka.

Je unafanya kazi? Kazi yake unafanya. Paipu lenyewe sasa hivi unaweza kupitisha mkono karibu bila kushtuka, na ile hewa ya moto ya kwenye magoti ilipungua, hilo nalikubali mchana kweupe. Lakini hapa ndipo watu wengi tunajidanganya, mkanda haupoozi injini hata nyuzi moja. Joto la silinda liko pale pale, ulichofanya ni kulizuia la ekzosi lisisambae chini ya boneti, litokee mbele kwenye mdomo wa bomba. Na trekta langu liliendelea kuzima, safari hii dakika ya hamsini badala ya arobaini na mbili. Dakika nane kwa dola 29.

Halafu kuna mambo mawili ambayo kwenye boksi hawajaandika. Mkanda unashika maji. Ukilaza trekta nje mvua ikanyesha, paipu linakaa na kitambaa kibichi, na paipu la chuma cha kawaida litaoza ndani kwa ndani bila wewe kuona. La pili ni baya zaidi, unashika mafuta. Hizi Onan za zamani nyingi zinavuja oili kidogo, na oili ikinyonywa na ule mkanda halafu ukapata moto wa ekzosi, umejitengenezea utambi wa koroboi chini ya boneti. Kama la kwako linavuja, ziba kwanza hiyo oili, mkanda baadaye. Nyota tatu, na sailensa yenyewe msiizungushie, ishieni kwenye paipu.

Sasa feni. Aisee.

Nikasema kama gari lina feni mbele basi na mimi nitaweka feni mbele. Nikanunua lile jembamba la umeme la volti 12, inchi saba, dola 34 na waya zake na swichi, nikalifunga nyuma ya grili kwa vibano vya plastiki, kimoja kikavunjika kabla hata sijamaliza, nikalielekeza lipulize NDANI, kwenye injini. Si ndio akili ya kawaida, upepo unaingia mbele, unapooza, unatokea nyuma. Nikawasha, likawa linavuma vizuri kabisa, nikajiona injinia. Siku hiyo trekta lilizima dakika ya ishirini na tano.

Ishirini na tano! Kabla ya feni ilikuwa hamsini. Nikadhani ni jua la siku hiyo, wiki iliyofuata nikajaribu tena, dakika ishirini na saba, na safari hii likatoa harufu ya plastiki.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, Mmarekani wa miaka sabini na kitu, amekaa na haya matrekta tangu yakiwa mapya. Alikuja na karatasi ya chooni. Simaanishi utani, alichana kipande kama urefu wa kiganja, akaniambia zima feni lako hilo, washa injini, weka spidi yote, akaishika ile karatasi mbele ya grili. Nilitegemea inyonywe ndani. Karatasi ikapeperuka kuja kwetu.

Kumbe kwenye haya matrekta injini imewekwa kinyume na gari. Klachi ya umeme inayozungusha visu iko mbele, flaiwili yenye mapanga iko nyuma kuelekea dashibodi. Kwahiyo hewa baridi inavutwa kutoka huku nyuma kwenye miguu ya dereva, inapita kwenye silinda, inatolewa mbele. Grili ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia. Mimi na feni langu la dola 34 tulikuwa tumesimama mlangoni tunairudisha ndani hewa ya moto, wenzangu wanatoka mimi nawasukuma, na hewa iliyorudi inazunguka mpaka nyuma inavutwa tena, injini inajipooza kwa pumzi yake yenyewe. Na sio John Deere tu, mzee anasema Cub Cadet nyingi za zamani zenye klachi ya visu mbele ni hivyo hivyo. Kwahiyo kabla hujafunga feni lolote, karatasi kwanza, haina gharama, iko bafuni kwako.

Nikaligeuza litoe nje. Likaacha kudhuru, kusaidia sikuona sana. Feni la injini yenyewe linasukuma hewa nyingi kuliko hilo toi, halafu umeme wake unagombania chaji na taa na ile klachi ya visu. Kuna faida moja tu nilioiona, ukizima injini moto na ukaliacha feni linazunguka dakika tano, ile joto inayopanda chini ya boneti baada ya kuzima inatoka. Maana wengi hawajui, injini ya upepo inakuwa na joto zaidi chini ya boneti DAKIKA CHACHE BAADA ya kuzima, kwa sababu feni lake limesimama na chuma bado kimebeba moto wote, na kabureta imekaa juu hapo katikati inachemshwa kama sufuria ya maharage. Ndio maana ukizima kwenda kunywa maji ukirudi haliwaki. Nyota mbili, nusu nyota ni kwa ajili ya swichi, swichi ilikuwa nzuri.

Sehemu ya panya sasa.

Mzee jirani akaniazima ile themomita ya kupima joto kwa mbali, ya bunduki. Tukakata nyasi nusu saa, tukafungua boneti, tukapima karibu na plagi kila upande. Kulia 165. Kushoto 210. Injini ile ile, mafuta yale yale, tofauti nyuzi arobaini na tano. Yule mzee akacheka tu akasema fungua mabati. (Tahadhari ya hicho kifaa, usielekeze kwenye chuma kinachong'aa au karatasi ya alumini, kinadanganya, kinasoma chini sana. Elekeza kwenye sehemu nyeusi au yenye masizi. Mimi mwanzoni nilipima sailensa iliyong'arishwa ikaniambia nyuzi 70, nikaigusa, nina kovu.)

Kesho yake nikatoa mabati ya juu ya silinda zote mbili, bolti ndogo ndogo nyingi, mbili zilikatika. Upande wa kushoto, Mungu wangu. Panya alijenga nyumba humo. Pamba za siti, nyasi kavu, maganda ya mbegu, vyote vimeshikana na oili na vumbi vikawa kama tofali, na yale mapezi huyaoni kabisa, yamezibwa karibu robo tatu. Hewa ilikuwa inafika pale inageuza. Miaka mingapi sijui, aliyeniuzia aliniambia amelifanyia sevisi, nadhani alimaanisha aliliosha. Nikachokonoa kwa spoku ya baiskeli na brashi ya waya jioni nzima, halafu kompresa, napuliza kinyume na njia ya hewa ili uchafu urudi ulikotoka. Ile nyumba ya feni nyuma kwenye flaiwili sikuitoa, inabidi injini isogezwe, nikaingiza ncha ya kompresa kwenye ule wavu na kuuchomoa uchafu na koleo. Usitumie maji kwenye injini moto tafadhali, chuma kinapasuka.

Na mabati yote YARUDI. Hili nalisema kwa msisitizo maana nimeona mtu ameyatupa akidhani yanafunika injini ipate joto. Bila yale mabati hewa ya feni inatawanyika hovyo, haipiti kwenye mapezi, utaua injini kwa wiki. Hata sponji na vipande vya mpira vinavyoziba nafasi kati ya upande wa hewa baridi na upande wa hewa moto, kama vimeoza weka vingine, mimi nilikata godoro la zamani la yoga. Na kwenye hizi Onan joto kali likikaa muda mrefu siti ya valvu ya ekzosi, yaani ile pete valvu inapokalia, inalegea kwenye nyumba yake, hapo unaongelea kufungua injini, na vipuri vyake siku hizi bei yake unaweza kununulia ng'ombe, vile vinavyopatikana.

Baada ya kusafisha, kulia 160, kushoto 166. Gharama: spoku ya baiskeli. Bolti mbili mpya senti tu.

Likakata saa nzima na robo. Halafu likazima. Nilitaka kulia.

Lakini safari hii dalili ilikuwa tofauti, ukilegeza mfuniko wa tenki na kumwagia maji baridi kwenye paipu ya petroli linawaka ndani ya dakika mbili. Yaani petroli ilikuwa inageuka mvuke ndani ya paipu, pampu inanyonya mvuke badala ya mafuta. Tenki liko nyuma huko chini ya siti, pampu iko mbele kwenye injini, kwahiyo inavuta kwa mbali, na mafuta yakivutwa badala ya kusukumwa yanachemka kirahisi zaidi, halafu petroli ya huku nyingi imechanganywa na ethanoli mpaka asilimia 10 ambayo inaongeza tatizo, hasa ukiwa na ile iliyobaki kwenye dumu ya wakati wa baridi. Nikafuatilia paipu kwa mkono, nikakuta mwenye nalo wa zamani alibadilisha akaipitisha mkato, sentimita mbili kutoka kwenye sailensa! Na bati la kukinga joto lililotakiwa kuwepo kati yake halipo, matundu ya bolti matupu yananitazama.

Hapo ndio inaingia bidhaa ya tatu, soksi. Ni mrija laini wa nyuzi za kioo umefunikwa karatasi ya alumini, unavalisha paipu ya mafuta kama soksi, mwingine unafungwa kwa ukanda wa kunata yaani velkro ili usichomoe paipu. Dola 16 kwa futi tatu. Hii ndio bidhaa pekee ambayo ningenunua tena bila kufikiri. Ila soksi peke yake isingetosha, kwanza niliirudisha paipu njia yake, pembeni kwenye fremu mbali na sailensa, ndio nikaivalisha, na nikakata bati la mlango wa mashine ya kufulia iliyokufa nikatengeneza ngao nikaifunga na boshi ili kuwe na nafasi ya kidole kati yake na sailensa. Nafasi hiyo ni muhimu kuliko bati lenyewe, bati likigusana na sailensa linakuwa sailensa nyingine. Velkro yake ndio kasoro, upande uliokaribu na moto uliachia baada ya mwezi, nimefunga kwa waya wa chuma. Nyota nne.

Tangu hapo, miezi miwili, halijazima hata mara moja. Juzi nimekata saa tatu mfululizo uwanja wa kanisa, nimezima, nimekunywa maji, nimewasha, likawaka.

Kuna tabia yangu nyingine niliyobadilisha ambayo haikununuliwa popote. Nilikuwa nakata kwa spidi nusu nikidhani naionea huruma injini. Kumbe naiua. Feni limefungwa kwenye flaiwili, injini ikizunguka polepole na feni linazunguka polepole, mzigo wa visu uko pale pale, hewa hamna. Ukikata nyasi weka spidi yote, ukimaliza toa visu, iache ipumue dakika mbili tatu kwa spidi ndogo bila mzigo ndio uzime. Na angalia oili kila asubuhi, kwenye injini ya upepo oili nayo ni sehemu ya kupooza, ikipungua nusu lita utaona kwenye themomita. Mimi natumia SAE 30 kipindi cha joto. Ndugu yangu Mbarali ana pawatila ya dizeli, yeye maji yakichemka anaongeza ndoo anaendelea kulima, nilivyomsimulia haya yote alinyamaza kidogo akasema kaka, si ununue lenye maji.

Jumla nimetumia dola 79 kwa vitu vya mtandaoni ukiacha ya fundi, na kama ningeanza na spoku na karatasi ya chooni ningeishia kwenye hizo 16 za soksi. Mkanda uliobaki kama futi ishirini upo, anayeutaka aje achukue na glavu zake. Feni sitoi. Nimelifunga kwenye fremu ya mbao na betri kuukuu ya trekta, linapuliza mkaa wa nyama choma kila Jumapili, na huko nililielekeza sawa mara ya kwanza.